Kliniki ya utumbo Upanga: walipoangalia mishipa ya damu badala ya kuongeza vidonge

Kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula ninayoiandikia hapa iko Upanga, ndani ya hospitali ambako baba yangu mdogo bado anahudhuria, na kwa sababu hiyo ameniomba nisiitaje kwa jina wala nisimtaje daktari wake. Ugonjwa wenyewe ameniruhusu niueleze bila kuficha. Alifika hapo akiwa na karatasi inayosema kwamba ana mchochota wa utumbo mpana wenye vidonda, akiwa amemeza mesalazini na prednisoloni, dawa za kutuliza mchochota, kwa miezi, amekonda hadi mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya, na damu na kamasi chooni hazijapungua hata kidogo. Alitoka na jibu jingine kabisa: vena zinazoondoa damu kwenye utumbo wake zilikuwa zimeziba. Tathmini yangu ni juu ya namna walivyolifikia jibu hilo, na nasema tangu mwanzo kwamba jambo walilolifanya vizuri kuliko yote ni kuithubutia karatasi iliyokwisha kuandikwa na kugongwa muhuri, wakaisoma upya kana kwamba haina muhuri.

Kuuchanganya ugonjwa wa mishipa na mchochota si uzembe wa daktari peke yake. Utumbo ukishambuliwa na kinga ya mwili, ukiingiliwa na amiba, ukipungukiwa na damu ya ateri, yaani mishipa inayoleta damu, au ukilemewa na damu iliyokosa njia ya kutokea kwenye vena, utando wake wa ndani hufanya yale yale: huvimba, huwa mwekundu, huchimbika vidonda na kuvuja damu. Mgonjwa naye huleta malalamiko yale yale ya tumbo kunyonga, kuhara, kwenda chooni mara kwa mara bila kupata nafuu, na kupungua uzito. Hata kipimo cha kalprotektini kwenye choo, ambacho husaidia sana kumtenganisha mwenye mchochota na mwenye tumbo linalosumbua tu bila vidonda, hupanda katika hali hizi zote, kwa hiyo hakiwezi kumwambia daktari chanzo ni kipi. Na hapa kwetu kuna mzigo wa ziada, kwa kuwa kichocho, amiba na kifua kikuu cha utumbo navyo huvaa sura hiyohiyo, na kumpa prednisoloni mtu ambaye utumbo wake una amiba kunaweza kuishia kwa utumbo kutoboka. Kliniki hii ilirudia kipimo cha choo na kutafuta kifua kikuu upya kabla ya kipimo kingine chochote, ingawa karatasi za zamani zilionyesha kwamba hayo yalikwisha kufanyika.

Daktari, kijana aliyempa baba mdogo shikamoo kabla ya kuvuta kiti chake, hakuagiza kipimo kipya hadi alipomaliza kuuliza. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi.

"Mzee wangu, tangu uanze hizi dawa, umewahi kupata hata wiki moja ya nafuu?"

"Hapana, dokta. Hata siku moja."

Aliliandika jibu hilo na kulipigia mstari. Baadaye alitueleza kwamba mchochota wa kweli, hata ule mkaidi, mara nyingi huonyesha dalili ya kutulia prednisoloni inapoanza, na kwamba mwanamume wa makamo ambaye hakuwahi kuumwa tumbo, anayeanza kuharisha damu na asipate nafuu yoyote kwa dawa hiyo, anastahili kuchunguzwa upya kabla ya kupandishiwa dozi au kuongezewa azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili. Mimi nilikuwa nimesikia kauli ya kinyume kwingineko, kwamba dawa isipofanya kazi basi iongezwe, na naamini wagonjwa wengi wa jiji hili wamesikia hiyo hiyo.

Maswali yaliendelea kwa muda mrefu, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Aliuliza kama maumivu yalianza kwa ghafla au polepole, kwa kuwa utumbo mpana uliopungukiwa na damu ya ateri kwa kawaida huuma ghafla, mara nyingi upande wa kushoto, na damu huonekana chooni ndani ya saa 24 hivi, ilhali vena zinazoziba kidogo kidogo humdhoofisha mtu kwa wiki na miezi. Aliuliza kuhusu mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kisukari, shinikizo la damu, sigara, donge la damu mguuni na selimundu katika ukoo. Aliuliza kuhusu vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyojirudia, kwa kuwa huweza kuashiria ugonjwa wa Behçet, ambao huvimbisha mishipa ya damu na kuacha vidonda kwenye utumbo vinavyofanana mno na vya ugonjwa wa Crohn, aina nyingine ya mchochota wa utumbo. Aliuliza kuhusu madoa mekundu miguuni yanayoambatana na maumivu ya viungo, ambayo hasa kwa watoto huonyesha kwamba mishipa midogo imevimba kwa sababu ya kingamwili za IgA. Alipofika kwenye dawa za maumivu, baba mdogo, ambaye ana duka la viungo Kariakoo na hunyanyua magunia mwenyewe, alisema kwamba hununua diklofenaki bila cheti kila mgongo unapomsumbua. Daktari akamzuia papo hapo, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinaweza kuchimba vidonda kwenye utumbo na kuivuruga picha nzima.

Kisha akauliza kuhusu mitishamba, na hapa nilidhani ni swali la mazoea tu. Halikuwa hivyo. Alieleza kwamba Japani na nchi jirani zake wamerekodi ugonjwa wa vena za utumbo kukakamaa na kujaa chokaa, hasa upande wa kulia wa utumbo mpana, kwa watu waliotumia kwa miaka mingi dawa za asili zenye tunda la gardenia. Baba mdogo hakuwa ametumia dawa ya aina hiyo, lakini nililichukua swali lile kama kipimo cha upana wa anachokijua yule kijana.

Nikiwa kwenye benchi la kusubiria niliona pia kwamba kliniki hii huwapokea akina mama waliowahi kutibiwa kwa mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambao miezi au miaka baadaye hutokwa na damu njia ya haja kubwa. Hilo nalo kwa sehemu ni tatizo la mishipa, kwa kuwa mionzi, popote duniani inapotolewa, huweza kuibana mishipa midogo ya damu ya rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana, na kuifanya mingine mipya, dhaifu, ichomoze juu ya utando na kuvuja. Nesi wa mapokezi humuuliza kila mama kuhusu mionzi kabla hajaingia kwa daktari. Ni swali la sekunde chache, na humwepusha mtu kubandikwa jina la mchochota usiokuwapo.

Kolonoskopia, au kipimo cha kamera kama wengi tunavyokiita, ilirudiwa. Maandalizi yake yalielezwa vizuri na kwa Kiswahili: siku kadhaa bila mchicha, bila matunda yenye mbegu na bila maharage, kisha siku ya mwisho vitu vya majimaji vinavyopenya mwanga, na ile dawa ya kusafisha tumbo inywewe kwa awamu mbili badala ya kubugiwa yote jioni. Baba mdogo alipewa karatasi iliyochapishwa yenye saa za kunywa, na nesi alimpigia simu jioni ile kuhakikisha kwamba ameanza. Utumbo ulikuwa safi, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa katika kipimo cha awali, kilichofanyika hospitali nyingine, ripoti ilisema kwamba maandalizi hayakutosha na kamera haikupita mbali.

Nilichokithamini ni kwamba daktari alituonyesha picha na kutueleza alikuwa anatafuta mpangilio gani. Mchochota wenye vidonda huanzia rektamu na kupanda juu bila kuruka, ugonjwa wa Crohn huruka-ruka na hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, na utumbo uliokosa damu ya ateri mara nyingi huiacha rektamu salama, kwa sababu rektamu hulishwa na njia zaidi ya moja, huku ukiumia zaidi pale ambapo himaya za ateri mbili zinakutana, kama kwenye kona iliyo karibu na wengu. Kwa baba mdogo, sigmoidi, yaani sehemu ya utumbo mpana iliyo juu tu ya rektamu, ndiyo iliyokuwa imevimba kama sponji iliyolowa, ya zambarau, njia yake imebanwa, na mpaka kati ya sehemu mbovu na sehemu nzima ulikuwa mkali kuliko unavyotarajiwa. Sehemu ya juu ya rektamu ilikuwa imeguswa, na juu ya sigmoidi utumbo ulikuwa mzuri kabisa. Mtu akiangalia haraka, akiona wekundu karibu na rektamu, ataandika mchochota; naelewa jinsi karatasi ya kwanza ilivyoandikwa.

Walichukua vinyama kadhaa kutoka sehemu mbovu na sehemu nzima, kila kundi kwenye kichupa chake chenye lebo. Hapa ndipo kliniki hii inapojitenga na nyingine tulizopita. Fomu iliyokwenda maabara haikuandikwa tu maneno mawili ya ugonjwa unaodhaniwa; daktari aliandika umri, muda wa kuumwa, dawa zilizoshindwa, mpangilio wa vidonda, na swali la wazi: je, kuna dalili za tatizo la mishipa? Alitutaka pia tukazifuate slaidi na vitalu vya nta vya kipimo cha zamani, yaani vioo na vipande vya nta vilivyohifadhi vinyama vya awali. Kuvipata ilikuwa kazi, kwa sababu hospitali ya awali ilitaka barua, kisha sahihi, kisha tusubiri mhusika arudi, lakini vilipopatikana mtaalamu wa patholojia alivisoma sambamba na vinyama vipya.

Jibu lake lilikuja na maelezo ambayo daktari alitufafanulia sentensi kwa sentensi. Katika mchochota wa muda mrefu, vitezi vya utando wa utumbo hupoteza mpangilio, vikapinda na kugawanyika, na chini yake hujaa seli za kinga. Kwa baba mdogo vitezi vilikuwa vimesinyaa lakini mpangilio wake haukuwa umevurugika sana, na seli za kinga zilikuwa chache kuliko vidonda vilivyoonekana kwa kamera. Kilichojitokeza ni kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote, zenye kuta nene zilizogeuka kama kioo cha waridi, nyingine zikiwa na madonge madogo ya faibrini, protini ya kugandisha damu, ndani yake, na dalili hizo zilikuwapo pia kwenye slaidi za zamani bila kutajwa. Mtaalamu alitumia rangi maalumu inayoonyesha nyuzi za elastini ili kutenganisha ateri na vena, kisha akaandika kwa uangalifu kwamba vinyama hivyo vinaelekeza kwenye tatizo la vena lakini havitoshi kulithibitisha, kwa kuwa vena zenyewe zinazougua ziko ndani zaidi ya pale kinyama cha kamera kinapofika. Napenda ripoti ya namna hiyo, inayosema mpaka wake uko wapi.

Hatua iliyofuata ilikuwa siti skani ya mishipa. Baba mdogo alikwisha kupigwa siti skani ya tumbo hapo nyuma, bila dawa ya kung'arisha mishipa, na majibu yalisema tu kwamba ukuta wa utumbo umenenepa, jambo linaloweza kumaanisha ugonjwa wowote kati ya niliyoitaja. Safari hii walimpima kwanza kreatinini ili kujua figo zitaihimili dawa hiyo, wakamuuliza kuhusu mzio na kuhusu metformini, dawa ya kisukari, kisha picha zikapigwa mara mbili: dawa ikiwa kwenye ateri, na ikiwa imekwisha kufika kwenye vena. Daktari alituita, akazungusha kioo cha kompyuta kituelekee, akaweka ncha ya kalamu. Ateri zote tatu kubwa zinazolisha matumbo zilikuwa wazi, nyeupe na nyoofu. Alipoileta picha ya pili, vena ya chini ya mesenteri, mojawapo ya zile zinazoondoa damu kwenye utumbo, ambayo ilitakiwa ionekane ikipanda upande wa kushoto, ilionekana juu kidogo kisha ikapotea, na kuizunguka sigmoidi palikuwa na vijivena vingi vilivyotanuka na kujikunja, vikitafuta njia nyingine ya kupitishia damu. Mafuta yanayouzunguka utumbo yalikuwa yamechafuka kwa maji. Baba mdogo, ambaye hadi siku ile alikuwa akiitikia tu, aliinama mbele na kuuliza, "Kwa hiyo damu inaingia, ila haina pa kutokea?" Daktari akajibu, "Ndiyo hivyo, mzee wangu."

Ugonjwa ulioshukiwa ni adimu. Tabaka la ndani na la misuli kwenye ukuta wa vena za utumbo hunenepa hadi kuiziba njia, bila donge la damu kuwa chanzo, bila uvimbe wa kinga kwenye mishipa na bila sababu inayojulikana. Genta na Haggitt waliueleza nchini Marekani mwaka 1991 kwa wagonjwa wanne, na tangu wakati huo wengi walioripotiwa ni wanaume wa makamo waliokuwa na afya njema, sehemu inayougua ikiwa sigmoidi na rektamu, na wengi wao walikwisha kutibiwa kama wenye mchochota. Dawa za kushusha kinga haziwasaidii, huwaongezea tu hatari ya maambukizi; kinachoponya ni kukata sehemu mbovu, na ni nadra ugonjwa kurudi baada ya hapo. Daktari hakuficha kwamba uthibitisho kamili ungepatikana baada ya upasuaji, sehemu yote iliyokatwa ikiwa mbele ya mtaalamu wa patholojia. Kabla ya kufika huko waliwakutanisha daktari wa upasuaji, mtaalamu wa kusoma picha za siti skani na yule wa patholojia wakaiangalia kesi pamoja, na prednisoloni ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa haikatizwi ghafla.

Upasuaji ulifanyika, majibu yakathibitisha, na baba mdogo sasa anakula ugali na samaki dukani kwake bila kuacha mteja katikati ya mizani. Sitaeleza zaidi kuhusu upasuaji, kwa kuwa ulifanywa na idara nyingine na hii ni tathmini ya kliniki.

Zipo kasoro, na baadhi yake zinaumiza. Kuna choo kimoja tu karibu na chumba cha kamera, na mtu aliyekunywa dawa ya kusafisha tumbo hawezi kusubiri zamu. Nilimwona mama mmoja akilia kwa aibu, na hospitali inayotoza malipo ya kiwango kile haina udhuru. Gharama hazikuelezwa kwa ukamilifu mwanzoni. Tuliambiwa bei ya kamera, lakini malipo ya maabara kwa vinyama na ya kusoma upya slaidi za zamani tuliyakuta kwenye dirisha la malipo, na kibali cha bima kwa ajili ya siti skani kilichelewa kwa sababu fomu ilikuwa imejazwa jina la kipimo cha kawaida badala ya kile cha mishipa. Ripoti zote ni za Kiingereza. Daktari alitufafanulia kwa Kiswahili safi, ila mgonjwa anayekuja peke yake kutoka Mbagala au Chanika akikutana na daktari mwenye haraka ataondoka na karatasi asiyoielewa, na muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili usingewashinda. Diski ya picha hutolewa kwa maombi tu, na chumba cha kumbukumbu hufungwa mapema mchana.

Pamoja na hayo naipendekeza kwa moyo wote kwa mtu aliyeambiwa ana mchochota wa utumbo, akatumia dawa kama alivyoelekezwa, na hajapata nafuu yoyote. Kwa mtu ambaye vidonda vyake viko sehemu moja tu isiyoeleweka. Kwa mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo aliyeanza kuharisha damu. Na kwa mama aliyewahi kupigwa mionzi ya nyonga. Anayepata nafuu kwa mesalazini na ambaye vinyama vyake vilionyesha mchochota wa wazi hana sababu ya kuacha dawa zake kwa kusoma habari hii, kwa kuwa magonjwa ya mishipa niliyoyaeleza ni machache mno yakilinganishwa na mchochota wenyewe na maambukizi. Na mtu anayepatwa na maumivu makali ya tumbo kwa ghafla, makali kupita kile daktari anachokikuta akilibonyeza tumbo, hasa kama moyo wake hupiga bila mpangilio, asiandikishe miadi ya kliniki hata kidogo. Aende idara ya dharura saa hiyo hiyo, kwa sababu ateri ya utumbo iliyozibwa na donge huua utumbo ndani ya saa chache.

Anayekwenda kwa miadi abebe ripoti zote za zamani hata zile zinazopingana, orodha ya dawa pamoja na mitishamba na vidonge vya maumivu, na barua ya kuombea slaidi na vitalu vya nta kutoka alikopimwa mwanzo, akiianza kazi hiyo mapema kabla ya siku ya miadi. Diski ya siti skani aiombe siku ile ile ya kipimo, kabla chumba cha kumbukumbu hakijafungwa.